Nyuki Wasiokula

Isebania,
Jumapili, 11 Februari 2024

Mama Robi,

Nimefika salama. Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu zina masikio. Juzi nilimtajia fundi mwenzangu neno dainamo, maongezi ya kawaida tu, na kabla ya jioni simu yangu ikaanza kuniletea matangazo ya jenereta. Kuanzia leo habari za sanduku zitakwenda kwa karatasi na kalamu. Barua zako mpe Mogaka, yule dereva wa lori la omena, dagaa wa ziwani, maana lazima apitie huku Isebania kabla ya kuvuka mpaka. Bahasha igundishe vizuri. Mogaka ni mtu mzuri, lakini hata mtu mzuri ana macho.

Nilikuachia lile sanduku la bati kwenye stoo ya saluni yako bila kueleza mengi, kwa sababu kaka yako Zadock alikuwa amesimama pale akijifanya anatafuta kivuli. Sasa nikueleze. Ndani kuna mota, dainamo na betri moja. Betri inaiamsha mota, mota inazungusha dainamo, dainamo inarudisha stima kwenye betri, na inayobaki ndiyo inayowasha balbu yako. Hakuna dizeli, hakuna jua, hakuna waya wa nje. Linajilisha lenyewe. Namna nilivyoviunganisha sitaiandika hata hapa.

Huku karakana nilikuwa naliwasha mafundi wakishaondoka na kulizima kabla hawajafika, kwa hiyo sijapata kuliona likienda mfululizo. Ndiyo sababu nimelileta huko Kisegi, ambako hakuna anayenijua zaidi ya kuwa mimi ni shemeji yao Mkuria. Likiwaka mpaka Pasaka bila kuguswa, nitakuwa na ushahidi wa kuweka mbele ya mtu yeyote.

Nimelifunga kwa uzi wa nyavu, na juu ya fundo nimepaka ile rangi nyekundu ya kucha. Rangi ikipasuka nitajua. Na kwa kuwa linavuma, waambie watu ni mzinga wa nyuki wa kisasa. Hata kwenye barua tuseme nyuki. Wakiuliza unawalisha nini, sema nyuki hawa hujitafutia.

Unajua zile mashine mbili za kwanza zilivyoniangusha. Hii ya tatu nayo ikiniangusha, sijui nitakuwa mtu gani.

Mumeo,
Werema


Kisegi,
20 Februari

Baba Robi,

Barua nimeisoma peke yangu, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, hata paka nimemtoa. Usije ukasema sikufuata masharti.

Nyuki wanavuma. Balbu inawaka. Naibu wa chifu amekuja kuuliza asali itakuwa tayari lini, nikamwambia nyuki hawa ni wa Kikuria, hawapendi kuharakishwa. Mama mmoja niliyekuwa nikimsuka amekataa kukaa upande wa stoo, akaondoka kichwa nusu. Ukitajirika utamlipia huyo.

Juma lililopita kuna jambo nilitaka kukuandikia. Nikaanza barua, kisha yako ikafika, nikaichana yangu. Nilikumbuka ulivyokaa baada ya ile mashine ya pili, ukiangalia ukuta, chakula kinapoa mbele yako, Robi anakuita huitiki. Mtoto akaniuliza kama baba amekuwa kiziwi. Basi jambo lenyewe halikuwa kubwa, litangoja.

Sisi wengine tuko. Bega langu la kulia linanisumbua, kusuka nywele ndefu siwezi siku hizi. Na lile gauni la bluu ulilonipa mwaka juzi limetoboka-toboka. Ukipata nafasi, vuka mpaka hadi Sirare uniangalizie lingine.

Robi anawasalimu nyuki wako kila asubuhi.

Mkeo,
Rispa


Isebania,
Jumapili, 3 Machi

Mama Robi,

Barua yako nimeirudia mpaka karatasi imelegea. Wanavuma. Neno moja hilo limenitosha. Nilitaka kucheza pale karakana, nikajizuia, maana fundi anayecheza bila sababu huulizwa sababu.

Nilikwenda Nairobi kuuliza habari za hataza, ile karatasi ya serikali inayosema wazo hili ni la fulani na mwingine asiliguse. Mama mmoja mezani akaniambia nisimwonyeshe mtu kabla ya kuandikisha. Hapo tukaelewana. Kisha akasema nikiandikisha ni lazima nieleze kila kitu, mpaka fundi mwingine asome na kuweza kuunda ya kwake. Nikamwuliza, kwa hiyo ili mnilindie siri yangu nianze kwa kuwapa siri yangu? Akacheka. Akasema watu wenye mashine za kujilisha wamefika kwake wengi, na yeye huwaomba kitu kimoja tu, wailete ikifanya kazi. Cheko lake sikulipenda. Nikatoka bila kuacha hata jina.

Aliyenisikiliza bila kucheka ni Hemed, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori. Yuko tayari kuuza kiwanja kilicho nyuma ya duka lake ili tupate wakili na karakana yetu wenyewe. Lakini anataka kuona kwanza. Mtu anayetaka sana kuona ana sababu yake, na mimi bado sijaijua.

Sikiliza. Zadock asikanyage stoo. Najua ni kaka yako. Lakini mtu anayechaji betri za taa za wavuvi pale ufuoni ndiye wa kwanza kufunga kibanda mashine hii ikitoka, na kwa hiyo ndiye wa kwanza kutaka kuiiba. Mchunguze.

Niandikie haraka. Fundo liko sawa? Rangi haijapasuka?

Werema


Migori,
7 Machi

Ndugu yangu Bwana Werema,

Salamu zangu nyingi. Umenikataza simu, nami nimetii, ingawa tangu niache madrasa sijamwandikia mtu barua ila baba mkwe, na yule naye hakunijibu.

Nimekwambia na narudia, sina haja ya kujua kilichomo ndani ya sanduku lako. Haja yangu ni kujua kama hakuna kinachoingia kutoka nje. Ukiniletea ng'ombe ukasema huyu hali majani, sitaomba tumpasue tumbo. Nitaomba alale katika zizi langu, ufunguo nikae nao mimi. Hiyo si dharau, ndiyo biashara. Hivyo niruhusu nitie kufuli langu juu ya uzi wako. Ndani ni kwako, nje ni kwangu, na kila mmoja wetu atalala.

Ukikataa hata hilo, ndugu yangu, mimi nifanyeje? Mficha uchi hazai. Hayo hayakusemwa na mfanyabiashara, yalisemwa na wazee.

Jumatatu naenda Kisegi, kabla mfungo haujaanza. Mwambie shemeji asisumbuke kupika.

Wako,
Hemed


Kisegi,
13 Machi

Baba Robi,

Hemed alikuja. Alisimama mlangoni pa stoo kama ulivyoagiza kwa kile kikaratasi chako, hakuvuka kizingiti. Kufuli alikuwa nalo mfukoni, kubwa la shaba. Nilipomwambia umekataa, alilitazama kidogo, akalirudisha mfukoni.

Akasikiliza nyuki. Kisha akaangalia sakafu kwa muda, akaniangalia mimi. Nilikuwa nimejifunga bega kwa leso. Akauliza nimeumia vipi, nikasema ni kazi tu. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Mama Robi, nyuki hawa wanakula nini?"

Nikamwambia hawali kitu.

"Basi wamebarikiwa," akasema. Akaomba maji, akashukuru, akaenda zake.

Umeuliza fundo. Liko sawa. Rangi haijapasuka. Zadock hajaingia stoo, na hana haja nayo, ana kelele za wavuvi wake zinamtosha.

Sasa mimi nikuombe moja. Hemed si mwizi. Ana watoto, na kiwanja ni hicho kimoja. Usimwache akiuze kwanza. Chukua ruhusa kazini, njoo ukae hapa kwako siku chache uwaangalie nyuki mwenyewe, mchana na jioni, bila haraka. Tafadhali, Baba Robi.

Rispa


Isebania,
18 Machi

Mama Robi,

Nimesoma na nimeshangaa. Namtuma mtu aje aone kwa mbali, na nyumba yangu inaandika kumtetea. Na mtu aliyekuja kuona mashine, bega la mke wa mwenziwe linamhusu nini?

Kuja siwezi. Nikionekana Kisegi katikati ya wiki, watu watauliza mzinga gani huu unaofuatwa kutoka Isebania. Subiri Pasaka kama tulivyopanga.

Mambo yanakwenda. Hemed ameshapata mnunuzi wa kiwanja. Baada ya Pasaka atakuja injinia kutoka Kisumu na vipimo vyake, aweke sahihi kwamba ameona. Mimi nimemwambia tajiri wa karakana kuwa mwisho wa mwezi ujao naacha kazi. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Atanitazama vizuri siku nyingine.

Fundo uliangalie kila siku, si mara mojamoja.

Werema


Kisegi,
Jumapili ya Pasaka, 31 Machi

Baba Robi,

Nyuki wamekufa.

Tulirudi kutoka kanisani nikakuta stoo kimya na balbu imezima. Fundo liko sawa, rangi haijapasuka, hakuna mtu aliyeingia. Labda hawakuwa nyuki wa kuishi sana. Umejaribu, na sisi tumeona umejaribu. Mwambie Hemed asiuze kiwanja. Mwambie tajiri wako ulikuwa na homa ulipoaga. Kisha uje, hata kwa Jumapili moja tu. Robi ana jino linalotikisika na amekataa ling'olewe na mtu mwingine.

Rispa


Isebania,
3 Aprili

Bwana Hemed,

Nitaandika kwa ufupi kwa sababu nina hasira.

Ulifika kwangu mashine ikiwa hai. Ukasimama mlangoni, ukaangalia, ukauliza maswali ya pembeni. Baada ya hapo ikafa. Fundo halikuguswa, kwa hiyo aliyeiua hakuhitaji kulifungua. Mfukoni ulikuwa na kitu kizito cha mviringo. Mke wangu aliambiwa ni kufuli. Mimi najiuliza kama hakikuwa sumaku. Sumaku kubwa karibu na dainamo yangu ingetosha, na fundi yeyote uliyemwuliza angekwambia hivyo.

Sasa nimeelewa kwa nini wewe peke yako hukucheka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Polisi siwaendei, maana watataka kufungua sanduku. Nimepeleka shauri kwa iritongo, baraza la wazee wa ukoo wetu. Jumamosi tarehe ishirini nitasimama mbele yao na kula kiapo kwamba sanduku lile halijawahi kulishwa na mkono wa mtu. Nikimaliza, utaapa wewe kwamba hukuliharibu na hukuiba wazo langu. Usipokuja, hakuna mtu wa kwetu kuanzia hapa mpaka Migori atakayenunua hata msumari dukani kwako.

Werema


Migori,
11 Aprili

Bwana Werema,

Nimengoja Idi ipite ndipo nikujibu, maana barua yako haikuwa ya kusomwa na mtu mwenye njaa.

Kufuli lipo hapa mezani, ninalitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Sumaku ninayomiliki ni ile ya mlango wa friji. Kiwanja sikukiuza, mke wako ndiye aliyenifanya nisite, na hakunena neno lolote. Nitakuja siku hiyo na nitaapa kwa Mungu wangu, mchana, mbele ya wazee wako, wala sioni haya. Jina langu limekaa Migori miaka mingi na wewe umelichafua kwa karatasi moja. Limeniuma, na nataka ujue limeniuma.

Nina ombi, ukilikubali sitakudai lingine. Wewe usiape. Na Mama Robi usimsimamishe mbele ya watu. Sababu sitaiandika, kwa kuwa si yangu. Ila tazama kwako kabla hujatazama kwa wenzako.

Hemed


Isebania,
12 Aprili

Mama Robi,

Hemed ananiandikia nisikusimamishe mbele ya wazee. Sababu anayo, hataki kuisema. Eti nitazame kwangu.

Mnajua nini, nyinyi wawili, nisichokijua mimi? Alikupa nini mlangoni pale zaidi ya swali la nyuki? Nimekumbuka barua zako zote. Njoo nyumbani, Hemed si mwizi, usimwache auze kiwanja. Mwanzo nilidhani ni huruma.

Tarehe ishirini utakuja na Robi. Utasimama upande wangu, na baada yangu utaapa kwamba hukugusa uzi. Kiapo chetu unakijua, mama alikueleza ulipoolewa. Anayeapa uongo hakimfuati yeye kwanza, huanza na mtoto. Mimi sina hofu, kwa sababu ninachokiapia nakijua kama ninavyojua mikono yangu.

Werema


Kisegi,
15 Aprili

Werema,

Usiape.

Barua ni hiyo. Ukitaka, iishie hapo, mengine ni maelezo.

Nyuki wako walikufa siku ya pili baada ya wewe kuondoka. Balbu ilianza kuwa nyekundu, ikazima, mvumo ukakatika. Nilidhani ni waya umelegea. Nikafungua. Uliwaogopa watu wote, ukafunga kwa uzi wa nyavu, kisha ukamwachia binti wa nyumba ya kushona nyavu. Juu yake ukapaka rangi ya kucha uliyoichukua mezani kwangu, chupa ikabaki palepale. Sikuhitaji ujanja wowote.

Niliitoa betri yako nikaipeleka kwa Zadock ichajiwe, nikaweka ya kwake. Nikasema iwake tu mpaka nipate maneno ya kukuambia. Nilikuwa nimeanza kuyaandika. Ndipo barua yako ikaja, kwamba hii ikikuangusha hujui utakuwa mtu gani. Mimi nilikuwa najua utakuwa nani, nilishaishi naye.

Basi nikawa nabadilisha. Kila asubuhi kabla ya wateja, betri moja inakwenda ufuoni, nyingine inarudi. Kichwani siwezi kuibeba, asidi inamwagika, kwa hiyo naishika kwa mkono, na mkono ndio unaovuta bega. Asidi ilimwagika vilevile, ndiyo iliyokula gauni. Zadock alidhani ni ya redio ya saluni. Alilalamika tu kwamba nawapita wavuvi kwenye foleni. Hajaiba chochote, na mtu wa kumwomba msamaha wa kwanza ni yeye.

Hemed aliona matone kwenye saruji, yale yanayoacha weupe. Dukani kwake anauza na betri, atakosaje kuyajua? Akaniuliza wanakula nini ili nipate mlango wa kusema. Nikaufunga. Hata hivyo hakunitaja kwako, mpaka wewe ulipomtukana.

Pasaka niliacha kubeba kwa sababu ya kiwanja chake. Nikajua utalia, utakaa kimya majuma mawili, kisha utarudi kwetu. Sikujua utatafuta mtu wa kumfunga jiwe shingoni.

Ulisema kule karakana ulikuwa unaizima kila asubuhi, watu wasione. Ungeiacha mchana mmoja tu, Werema, ingekuambia yenyewe.

Kiapo chenu hakiulizi nani alijua na nani hakujua. Ukisimama useme sanduku halijalishwa na mkono wa mtu, umeapa uongo, na aliye karibu nawe ni Robi. Unaweza kuniambia mimi ni Mjaluo, mambo ya Wakuria yananihusu nini. Mtoto ni wangu. Nakiogopa.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Katika watu wote mimi ndiye hukuniwekea shaka, na hilo linaniuma kuliko bega. Nimechoka.

Rispa


Isebania,
16 Aprili

Rispa,

Mwandiko ni wako, lakini maneno ni ya Hemed.

Nimeyatambua. Mlango wa kusema, matone kwenye saruji, hayo si maneno ya saluni. Anaogopa kuapa, ndiyo maana amepita kwako ili nisiape mimi, shauri life, naye abaki na wazo langu. Hadithi ni nzuri. Hata gauni mmeliweka ndani.

Sanduku lisifunguliwe na mtu. Likifunguliwa kabla ya wakati, ushahidi umekwisha, na kila mmoja atasema lake. Mpe Mogaka alipakie, uzi ukiwa vilevile. Nitaapa kwanza, kisha wazee walifungue.

Werema


Kisegi,
18 Aprili

Werema,

Sanduku liko kwenye lori. Fundo nimelifunga mimi asubuhi hii, rangi nimepaka mimi. Angalia kama utaona tofauti.

Lifungue kabla ya kuapa. Ukiapa kwanza, usije Kisegi tena. Robi yuko nami, na huko hatakuja.

Rispa


Isebania,
Ijumaa, 19 Aprili

Rispa,

Mogaka alilishusha leo mchana. Fundo nililitazama kwa karibu, nikaligeuza huku na huku juani. Ni langu. Ningekula kiapo ni langu.

Nilikaa juu ya sanduku lenyewe kama mtu anayengoja gari, nikijiambia nisilifungue, ushahidi utaharibika. Mafundi wakanipita wakidhani naumwa. Mwishowe nikajiuliza, ushahidi wa nini, na wa kumwonyesha nani, ikiwa mimi mwenyewe naogopa kuuona. Nikakata uzi.

Betri iliyomo ina herufi Z ya rangi nyeupe. Uliizungushia lile gauni la bluu isigongwe njiani. Nimeshika asidi tangu nikiwa mwanagenzi, matundu yake nayajua. Hakuna mtu Migori wala kwingine anayeweza kumfundisha mwanamke kuyachora. Yako upande wa kulia, kuanzia kiunoni kwenda chini, pale betri inapogusa mtu anapotembea. Gauni bado linanuka mafuta ya nywele.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila aina ya mwizi. Niliwaogopa wa Nairobi, wa Sirare, shemeji yangu, dereva wa omena. Wote niliwangoja waje kutoa. Sikuwaza kwamba kuna anayeingia kutia.

Wazee nimewaambia shauri halipo. Walitaka kujua kwa nini, nikasema mashine haikufanya kazi, haikuwahi kufanya kazi. Nilidhani maneno hayo yangeniua. Mmoja akasema basi, akauliza kama bado nachomelea matangi ya maji. Kesho naenda Migori. Sijui nitaanzaje na Hemed. Labda nitamwomba aniuzie kufuli. Kisha nakuja huko, na kwa Zadock nitafika kabla sijafika nyumbani. Mwambie Robi jino alingojeshe.

Nimeinyanyua ile betri kwa mkono mmoja. Nikatoka nayo mpaka barabarani, nikarudi, nikaiweka chini kabla sijafika mlangoni. Kutoka saluni mpaka ufuoni ni mbali kuliko hapo, na kuna kile kilima. Uliniandikia habari za bega tangu Februari, na kila mara nilikuuliza fundo.

Bega linaendeleaje?

Werema